Mama Tofu na Mzee Asiyeshukurika

Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Hayo wahenga waliyasema na hakuna anayeyabisha. Ila walimsahau aliyetendewa. Mtenda wema kaenda zake roho kwatu, na yule mwingine kabaki na asante yake mkononi, hajui pa kuiweka.

Hayo ndiyo yaliyomkuta Bi Fujie wa Onosawa, mji mdogo wa milimani ambako theluji hufika kimo cha mlango na watoto wamekwisha kiasi kwamba shule ya msingi imefungwa. Watu humwita Mama Tofu, kwa kuwa ukoo wa mumewe ulitengeneza tofu, ile jibini nyeupe ya soya inayokatwa vipande vya mraba, kwa vizazi vitatu. Alikuwa na miaka sabini na mbili, mfupi, mwenye mdomo, na kwa miaka sita mfululizo alikuwa akimwinda mzee mmoja ili amshukuru.

Mzee mwenyewe ni Tomizo, seremala mstaafu, mgane, anayekaa mwisho wa kichochoro hichohicho. Majira ya baridi ya miaka sita iliyopita, mume wa Bi Fujie, marehemu Yasukichi, alikuwa akipelekwa mjini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, maana figo zilikuwa zimechoka. Gari la wagonjwa lilifika saa kumi na mbili alfajiri, na dereva alikuwa amekula yamini kwamba kichochoro kikiwa na theluji haingii. Bi Fujie alijiandaa kuamka usiku na beleshi. Hakuwahi kulitumia. Kila alipofungua mlango, njia ilikuwa tayari imefagiliwa, kuta za theluji zimekatwa wima kama tofu ya siku ya sherehe, na mwisho wa njia, pale karibu na kizingiti, alama tatu za mgongo wa beleshi: pa, pa, pa, mtu kaisawazisha apate kukanyaga mgonjwa. Asubuhi arobaini na saba. Wengine wangesema ni malaika. Yeye alisema malaika hawavai kofia ya sufi yenye tundu, na siku moja aliiona kofia hiyo ikipinda kona.

Yasukichi alipokwisha kuzikwa, Bi Fujie alibeba chupa ya sake nzuri, ile pombe ya mchele, akagonga kwa Tomizo. Mzee akajifanya hamnazo. Njia gani? Theluji gani? Yeye saa hizo hulala. Labda ni tanuki, alisema, yule mnyama wa porini anayesingiziwa kila utundu milimani. Sake akaipokea kwa adabu, na siku ya tatu akaja na boksi la uyoga mkavu, maana kwao ukipewa kitu unarudisha cha nusu ya thamani yake, na hapo pande zote mbili zinatulia. Juu ya boksi kaandika: Nashukuru kwa zawadi nisiyojua sababu yake.

Bi Fujie alikasirika wiki nzima. Kisha akaamua kujifanya kwamba ule uyoga ni zawadi mpya kabisa, akarudisha taulo. Tomizo akarudisha biskuti za mchele. Ikawa hivyo kila kiangazi na kila mwisho wa mwaka. Aliwahi hata kuandika barua ya shukrani ya kurasa nne. Kesho yake ikaja barua ya kurasa mbili, kushukuru kwa barua. Kwa Bi Fujie, asante isiyopokelewa ilikuwa haijatolewa. Ilimkaa kifuani, na kila akipita pale kichochoroni wakati wa theluji alimkumbuka mumewe akitembea taratibu katikati ya zile kuta nyeupe, akizisifu kila mara, na yeye mkewe hakuweza hata kumfikishia fundi salamu za marehemu.

Sasa, mwezi wa pili mwaka huu, habari zikaenea kwamba Tomizo anahama. Binti yake wa Osaka kamwambia nyumba imemshinda, aje akae nao. Ataondoka Jumapili, basi la kwanza, saa moja na dakika kumi asubuhi. Na Jumamosi ndio ulikuwa Usiku wa Sanaa.

Usiku wa Sanaa wa Onosawa huanza jua likizama na kwisha kukipambazuka. Wasanii wa mijini huja kuweka kazi zao kwenye shule iliyofungwa, kwenye kiwanda cha sake na hekaluni, na wenyeji hujitolea kuzilinda usiku kucha, wawili wawili, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa. Tomizo hakuwahi kukosa. Na sheria ni moja: walinzi hawaondoki kituoni wote wawili kwa pamoja, liwalo na liwe.

Bi Fujie alipoisikia sheria hiyo alitabasamu peke yake jikoni. Hakuwa amewahi kujitolea kwa sanaa yoyote. Aliona mambo ya wasanii kuwa kazi ya watu wasio na kazi. Lakini Jumatatu alimwendea Chiyomi, binti wa ofisi ya mji aliyepanga ratiba ya zamu, akiwa na mtungi wa achari ya figili. Chiyomi akamwambia kwamba zamu hupangwa kwa kura. Bi Fujie akasema vizuri sana, haki ni haki, na akafungua kifuniko cha mtungi ili harufu ijieleze yenyewe. Jioni ile ratiba ilitoka: Ua wa Shule, Tomizo na Fujie, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Tomizo alipomkuta kwenye varanda ya shule, kizibao kikimfika magotini, alisimama kidogo kama mtu aliyekanyaga msumari.

“Mama Tofu, hata wewe unapenda sanaa?”

“Naipenda tangu Jumatatu,” alisema Bi Fujie. “Keti, Bwana Tomizo. Usiku bado mrefu.”

Kazi waliyokabidhiwa ilikuwa ya msichana wa Kyoto aitwaye Kanbara Rui, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alikuwa ameuacha ua wa katikati ya shule bila kuguswa tangu theluji ya kwanza. Chini yake alizika taa, na watazamaji walisimama nyuma ya vioo vya varanda wakatazama weupe ule uking'aa kwa ndani. Kibao cha mlangoni kiliandikwa jina la kazi: Hajapita Mtu. Maagizo yake yalikuwa mafupi. Theluji ikianguka, iachwe ianguke. Asipite mtu, asipite paka. Saa kumi na mbili asubuhi atakuja kupiga picha, na picha hiyo alikuwa ameisubiri misimu miwili ya baridi.

Bi Fujie alimwinamia msichana, akamwahidi. Msichana alipoondoka, Bi Fujie akamuuliza Tomizo kama theluji isiyofanywa kitu sasa nayo inaitwa kazi, maana kama ni hivyo shamba lake lote ni jumba la makumbusho. Mzee akacheka kidogo. Hapo Bi Fujie akaona mlango umefunguka, akavuta pumzi, akaanza: “Bwana Tomizo, mwaka ule wa marehemu—”

Tomizo akashika sikio, akachomoa kile kidude chake cha kusikia, akakitikisa, akasikitika. Betri imekwisha, alisema. Bahati mbaya. Mpaka kesho.

Bi Fujie aliingiza mkono katika mkoba, akatoa kikaratasi chenye betri sita, za namba ileile, alizokwenda kuzinunua mjini Alhamisi kwa basi, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Akamwekea mapajani. Mzee alizitazama betri zile kwa muda mrefu, kisha akabadilisha moja polepole sana, na alipomaliza tu akasimama ghafla kwenda kuwaelekeza wageni wawili mahali pa kuvulia viatu, ingawa walikuwa wamekwisha kuvua.

Usiku ule ukaenda hivyo. Saa tatu alijaribu tena, Tomizo akaona paka ambaye hakuna mwingine aliyemwona. Saa tano akajaribu, mzee akapatwa na kikohozi kilichodumu mpaka kundi la wanafunzi lilipofika. Saa saba Bi Fujie akabadili mbinu, akaanza kwa mbali, habari za dereva wa gari la wagonjwa, jinsi alivyokuwa mkali. Tomizo akasema kweli watu wa magari ni wakali, na akasimulia habari za dereva mwingine kabisa, wa lori la mbao, kwa dakika arobaini. Bi Fujie alisikiliza akiwa ameuma meno. Alikuwa ameona watu wachoyo wa kutoa maishani mwake, lakini mchoyo wa kupokea ndiye huyu wa kwanza.

Nje theluji ilizidi kuanguka. Kufikia saa tisa hakukuwa na mtazamaji hata mmoja, jiko la mafuta lilinguruma taratibu, na Tomizo kichwa kilianza kumwangukia kifuani. Bi Fujie alimtazama. Aliona jinsi alivyozeeka, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, na woga ukamshika. Saa chache tu zilibaki. Akimwacha aondoke hivi, hii asante ataibeba mpaka kaburini, na huko Yasukichi atamuuliza.

Ilipofika saa kumi na robo aliona heri akalete supu ya miso, ule mchuzi wa soya wa kwao, kutoka jikoni kwenye ukumbi wa mazoezi. Mtu mwenye bakuli la moto mikononi hawezi kukimbia wala kuziba masikio. Jikoni alikuta foleni ya vizibao vya chungwa, kila mmoja akimwambia mwenzake pole na kazi, na Chiyomi akamsimamisha amwambie jinsi achari ilivyokuwa nzuri. Supu nayo ilikuwa haijaiva, akachelewa zaidi ya saa nzima.

Hapo lazima tumseme Tomizo. Kwa miaka sitini mzee yule aliamka saa kumi na nusu kamili, bila saa ya kengele. Ilipofika saa kumi na nusu, mwili uliamka, akili ikabaki kitini. Mwili ukaona theluji imejaa mpaka mlangoni, na upande wa pili ukaona mlango mwingine umezibwa. Beleshi la kusafishia ngazi lilikuwa limeegemea ukutani. Watu wa Onosawa hawafikiri mbele ya kitu kama hicho, kama vile mtu hafikiri anapokuna panapowasha.

Bi Fujie alirudi na mabakuli mawili kwenye sinia, akasimama nyuma ya kioo. Katikati ya Hajapita Mtu kulikuwa na njia. Ilitoka mlango huu mpaka mlango ule, upana wa mtu na mzigo wake, kuta zimekatwa wima. Taa za chini ziliziangaza. Na kule mwisho, Tomizo ameinama katika kofia yake ya sufi, analigeuza beleshi: pa, pa, pa.

Aliweka sinia chini kwa uangalifu. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya ngazi, machozi yakamtoka, na hakuweza kusema yalikuwa ya kicheko kiasi gani na ya kitu kingine kiasi gani. Ilikuwa njia ileile. Miaka sita aliitafuta, na imekuja yenyewe kutoka mikononi mwa aliyeikana.

Kicheko ndicho kilichomwamsha mzee. Aligeuka, akaona beleshi, akaona alipotoka. Rangi ikamtoka usoni. Alijaribu kurudisha theluji kwa mikono, akaona anazidi kuharibu, akaacha. Usiku wa mwisho katika mji aliozaliwa, alisema, na ameuaga kwa kumvunjia mgeni kazi yake. Alianza kupiga magoti palepale amsubiri msichana, na Bi Fujie kicheko kikamkatika, kwa sababu alimwonea huruma kweli.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano nyayo zikasikika varandani. Bi Fujie alishuka ngazi, akapita katika ile njia kwa hatua zake fupi, akamnyang'anya Tomizo beleshi na kumsukuma nyuma yake kwa kiwiko. Kanbara Rui alipotokea mlangoni na kamera, alichokiona ni bibi mfupi mwenye beleshi, ameinama mpaka paji la uso linakaribia theluji.

“Ni mimi,” alisema Bi Fujie. “Nimezeeka vibaya. Huku kwetu theluji ikiziba mlango, mkono hauombi ruhusa. Nisamehe, mwanangu.”

Tomizo akafungua mdomo. Bi Fujie akamkanyaga mguu.

Msichana alikaa kwenye ngazi, akaifunika kamera kwa mikono miwili, na ilionekana wazi kwamba yuko karibu kulia. Misimu miwili, alisema, kwa sauti ndogo. Bi Fujie aliinama tena, na safari hii hakuwa anaigiza. Mwisho msichana akainuka, akakibandua kile kibao cha mlangoni, akakitia mfukoni. Alipiga picha. Alipiga nyingi, za njia, za kuta, akalala kifudifudi akapiga zile alama tatu za mwisho. Hakuwaambia kama amefurahi wala kama amesamehe. Alipokuwa akiondoka aliuliza tu ni kwa nini pale mwisho pamepigwapigwa.

“Ili mgonjwa asiteleze,” alijibu Tomizo, kabla hajajizuia.

Msichana alimtazama mzee, akamtazama bibi na lile beleshi, akawainamia wote wawili, akaenda zake.

Ukumbini mwenyekiti wa mtaa alianza hotuba ya kuwashukuru waliojitolea, na kila mtu aliitwa jina apewe taulo na cheti. Wawili hawa hawakwenda. Walibaki varandani na supu iliyopoa. Tomizo aliweka bakuli chini, akakaa sawasawa, akaweka mikono magotini, akaanza kwa sauti rasmi kwamba kwa jambo alilomfanyia leo Mama Tofu, yeye Tomizo hana maneno.

“Jambo gani?” alisema Bi Fujie. “Mimi nilikuwa nafuata supu. Labda ni tanuki.”

Masikio ya mzee yakawa mekundu.

“Inauma, eti?” alisema Bi Fujie. “Kuinamisha kichwa na mwenzako anatazama paka. Mimi nimeuonja uchungu huo miaka sita, Bwana Tomizo. Haya, sema. Ni nani aliyesafisha njia yangu?”

“Mimi.”

“Asubuhi arobaini na saba.”

“Arobaini na nane,” alisema Tomizo. “Moja gari halikuja, nanyi hamkufungua mlango.”

Bi Fujie alipiga magoti juu ya ubao wa varanda. Maneno aliyokuwa ameyapanga yalikuwepo yote, na salamu za marehemu zikiwa mbele. Alivuta pumzi. Tomizo akanyoosha kiganja kumzuia, na safari hii hakuwa na kikohozi wala paka.

“Usiseme, Mama Tofu. Tafadhali.”

“Kwa nini?”

Mzee alikitazama kile kikaratasi cha betri kana kwamba kina msaada.

“Ningekubali mwaka ule wa kwanza,” alisema, “ungeleta chupa yako moja, tungeinamiana mlangoni, basi. Nisingekuona tena mpaka kwenye mazishi ya mtu. Nilikana siku ya kwanza kwa kuona haya tu. Halafu ukaleta taulo.” Akakigeuza kile kikaratasi. “Ule uyoga naupanda mwenyewe, unajua. Mwaka mzima naufikiria.”

Bi Fujie alibaki pale chini amepiga magoti. Hasira ilimjia kwanza, maana miaka sita alidhani yeye ndiye anayewinda, kumbe alikuwa akiletewa chambo na anakuja kila msimu kwa miguu yake mwenyewe. Kisha furaha ikamjia, ya ghafla, isiyo na adabu, ya kumfaa msichana wa miaka kumi na saba. Akaona aibu, akainuka kwa kushika ukuta, akamwambia supu imepoa na basi halimsubiri mtu.

Walikwenda kituoni pamoja, yeye kabeba begi dogo na Tomizo kubwa. Basi lilifika kwa wakati. Mzee alipanda ngazi ya kwanza, akageuka, na Bi Fujie akaona kwamba sasa yuko tayari, amesimama wima na kofia mkononi, anangoja ashukuriwe ili yaishe salama.

“Sikushukuru,” alisema Bi Fujie.

Dereva aligeuza shingo kuwatazama.

“Shukrani ninazo, za kwangu na za Yasukichi, na sizitumi kwa posta mpaka Osaka. Ukizitaka, njoo uzichukue mwenyewe.”

“Lini?” aliuliza Tomizo.

“Theluji huanza mwezi wa kumi na mbili,” alisema Bi Fujie, “na mimi koleo wala beleshi sishiki tena.”